Mzigo wa Mgeni

Watu wote husifu maandalio. Mkulima asiyetayarisha shamba kabla ya mvua huitwa mvivu; mwanafunzi asiyesoma kabla ya mtihani huitwa mzembe; na msafiri aondokaye bila ya maji huitwa mjinga hata kabla kiu haijamkamata. Katika sifa na lawama hizi zote twaona wazo moja, ya kuwa mtu hujiandaa kwa faida yake mwenyewe. Akijiandaa vema atashiba. Asipojiandaa ataona njaa. Na njaa hiyo itakuwa yake, wala hapana mwingine wa kuionja.

Wazo hili lina kweli ndani yake, walakini si kweli yote. Katika insha hii nataka tulipime. Swali letu ni hili: Je, mtu anapojiandaa kwa safari anafuata busara tu, au analipa deni? Kama ni busara tu, asiyejiandaa ni mpumbavu, nasi twaweza kumhurumia kisha tukaenda zetu. Lakini kama ni deni, asiyejiandaa amemdhulumu mtu, hata ikiwa hakumwona mtu huyo wala kulijua jina lake. Tofauti baina ya mpumbavu na dhalimu si ndogo, na kijana aanzaye safari za maisha hana budi kuijua mapema.

Swali la namna hii halipimwi vizuri mjini. Mjini mtu akisahau kofia hununua nyingine katika duka la jirani, na uzembe wake hufutika kabla haujamgusa mtu. Ili tulipime sawasawa, yafaa tumfuate msafiri mpaka mahali ambapo hapana wingi wa maduka, wala wingi wa dawa, wala ndege ya kesho asubuhi. Nimechagua kisiwa cha Kiritimati, na msafiri nitakayemfuata ni mgeni aendaye huko kuvua samaki kwa mchezo.

Kiritimati ni sehemu ya Jamhuri ya Kiribati, katika Bahari ya Pasifiki. Jina lake huwashangaza wengi. Katika lugha ya wenyeji herufi 'ti' hutamkwa kama 's', na kwa hiyo Kiritimati si neno jingine ila Krismasi. Nahodha Mwingereza, James Cook, alikifikia kisiwa hiki siku ya 24 Desemba, 1777, akakipa jina la sikukuu ile. Na wakati huo hapakuwa na wakazi. Hata leo vijiji vyake vina majina ya ajabu: kimoja huitwa London, kingine Poland, kingine Banana, na palikuwa na Paris pia, ambayo sasa ni mahame. Kisiwa kipo karibu na Ikweta, kama nchi yetu, lakini hakina mlima wala mto. Ni ardhi tambarare ya matumbawe, yenye kilometa za mraba 388 hivi, nayo huhesabiwa kuwa na nchi kavu nyingi kuliko kisiwa kingine cho chote cha pete ya matumbawe duniani. Ndani yake limo ziwa kubwa la maji ya chumvi lililoungana na bahari.

Umbali wake ndio hasa utufaao katika mazungumzo haya. Tarawa, makao makuu ya nchi, ipo mbali zaidi ya kilometa 3,000 upande wa magharibi. Honolulu, mji mkubwa katika visiwa vya Hawaii, upo mbali zaidi ya kilometa 2,000 upande wa kaskazini, na kwa miaka mingi ndege ya abiria itokayo huko ilifika mara moja tu kwa juma. Bidhaa nyingi huja kwa meli. Maji ya kunywa hutoka mvuani, na katika tabaka jembamba la maji matamu lililolala chini ya mchanga, juu ya maji ya chumvi. Na miaka mingine mvua hukataa kabisa. Mtu akaaye mahali kama hapa hujifunza kuhesabu kila kitu.

Kwa nini basi mgeni aende huko? Aghalabu kwa ajili ya samaki. Katika maji yafikayo magotini, juu ya mchanga mweupe, hupita samaki wa rangi ya fedha ambaye jina lake la Kiingereza lina maana ya samaki wa mifupa, kwa sababu nyama yake imejaa miiba. Si mkubwa sana, lakini akinaswa hukimbia kwa nguvu ipitayo kiasi cha mwili wake, na mshipi huimba ukimfuata. Wapo watu katika Marekani na nchi nyingine za mbali ambao huweka akiba ya fedha kwa miaka ili wapate kukaa juma moja katika nyumba za wageni wavuvi za Kiritimati. Huamka alfajiri, huchukuliwa kwa mashua na kiongozi mwenyeji, humtafuta samaki huyo kwa macho, humtupia ndoana iliyofichwa katika manyoya, na wakisha kumkamata humwachia aende zake. Tutarudi kwenye jambo hili la kumwachia, maana hapo ndipo penye ugumu.

Mgeni mwenye busara huanza kujiandaa miezi mingi kabla ya safari. Husoma kalenda kwa makini, kwa kuwa Kiritimati na Honolulu zina saa ile ile lakini si siku ile ile. Mwaka 1995 Kiribati iliusogeza mstari wa tarehe ili nchi nzima iwe katika siku moja, na tangu hapo atokaye Honolulu Jumanne hufika Kiritimati Jumatano bila ya kulala njiani. Mgeni huchukua ufito wa kuvulia wa akiba, kwa kuwa ule wa kwanza ukivunjika hapana fundi. Huchukua mishipi na ndoana za kutosha. Viatu vizito vya kukanyagia matumbawe, maana jeraha la tumbawe hufanya usaha upesi katika joto. Kofia pana na nguo za mikono mirefu, kwa ajili ya jua linalomchoma kutoka juu na tena kutoka majini. Miwani ya kumwezesha kuona chini ya maji. Dawa zake zote, na nyingine za siku kadhaa zaidi, kwani ndege yaweza kuchelewa. Na fedha taslimu za Australia, ambazo ndizo zitumikazo katika Kiribati.

Kwa mtazamo wa kwanza orodha hii ni ya mtu ajipendaye. Ngozi ni yake, mguu ni wake, ugonjwa ni wake, mchezo ni wake. Lakini hebu tuitazame kwa jicho la mwenyeji.

Tuchukue mfano wa kuwaza tu. Mgeni mmoja anaugua ugonjwa wa shinikizo la damu, naye amevisahau vidonge vyake mezani nyumbani kwake. Siku ya pili kisiwani anakwenda kwa mganga wa serikali. Mganga ni mwema. Anamsikiliza, anampima, anampa vidonge vya siku saba. Vidonge hivyo havikuanguka kutoka mbinguni. Vililetwa kwa safari ndefu, vikahesabiwa kwa wagonjwa wa kisiwa kile. Mwisho wa mwezi bibi mzee wa kijijini anakuja kuchukua vyake, anaambiwa arudi meli itakapofika. Bibi yule hatajua kwa nini vimepungua. Mgeni naye hatajua, kwa kuwa wakati huo amekwisha rudi kwao, anawaonyesha rafiki zake picha na kuusifu ukarimu wa watu wa Kiritimati. Hapana aliyeiba, hapana aliyesema uongo, hapana aliyekusudia ubaya. Na bado bibi mzee amelala bila ya dawa.

Yawezekana mtu akajibu kwamba mgeni alilipa. Nakubali kuwa alilipa, na pengine alilipa zaidi ya alivyodaiwa. Lakini fedha ni ahadi ya kupata kitu, wala si kitu chenyewe. Mahali penye maduka mia ahadi hiyo hutimizwa siku ile ile. Mahali ambapo meli haijafika, noti ya fedha haimezwi kwa maji, na tajiri na maskini huwa sawa mbele ya rafu tupu. Basi twaweza kusema hivi: penye wingi uzembe wa mtu hula mali yake mwenyewe, na penye uchache uzembe wa mtu hula sahani ya mwingine. Ndiyo sababu mzigo wa mgeni si jambo lake peke yake. Kila kitu cha lazima alichokiacha nyumbani atakitafuta kwa mwenyeji, naye mwenyeji, kwa kuwa ni mkarimu, hatamnyima.

Wahenga wetu walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mara nyingi twaitumia methali hii kana kwamba ni sifa ya mgeni, ya kuwa kufika kwake tu kwatosha kuleta heri. Mimi naiona kuwa ni sharti. Yasema mgeni aje kwa namna ambayo mwenyeji atapona. Akija kwa namna ambayo mwenyeji atapungukiwa, amekuja, lakini methali haijatimizwa.

Yamkini msomaji sasa atafikiri kwamba dawa ya uzembe ni kuchukua kila kitu. Haiwi hivyo. Mtu awezaye kukosa kwa uchache aweza pia kukosa kwa wingi. Kisiwa kidogo hakina mahali pa kutupa. Chupa ya plastiki, betri iliyokwisha, mshipi uliokatika, mfuko wa nailoni, vyote hivi mgeni huvileta kwa siku saba navyo hubaki kwa miaka. Mshipi wa nailoni ulioachwa majini huendelea kunasa, ijapokuwa hapana mvuvi aushikaye. Hunasa ndege, hunasa kasa, wala haulali usiku. Kwa hiyo maandalio mema yana nusu mbili: kujua utakachokwenda nacho, na kujua utakachorudi nacho. Msafiri aijuaye nusu ya kwanza tu amejifunza kufunga sanduku, lakini hajajifunza kusafiri.

Historia ya Kiritimati yenyewe yatupa ushahidi mzito. Mwaka 1957 na 1958 Uingereza ilifanya majaribio ya mabomu ya nyuklia katika kisiwa hicho na karibu nacho, na mwaka 1962 Marekani ikafanya yake. Kwa hesabu ya vitu, huenda kisiwa hakijapata kumwona mgeni aliyejiandaa kuliko hawa. Walileta maelfu ya askari, na magari, na mafuta, na mitambo ya kila aina. Kila jambo lilipangwa kwa siku na kwa saa. Wenyeji waliokuwako walipakiwa melini wakati wa baadhi ya milipuko. Hawakuwa na sauti ya kukataa, kwa sababu nchi yao ilikuwa chini ya utawala wa Uingereza, wala haikupata uhuru mpaka tarehe 12 Julai, 1979. Kwa miaka mingi baadaye askari waliokuwako, Waingereza, watu wa New Zealand na watu wa Fiji, walilalamika kwamba miale ya mabomu yale iliwadhuru. Magari mabovu, mapipa na takataka nyingine vilibaki kisiwani, na katika miaka ya 2000, karibu nusu karne baada ya bomu la kwanza, Uingereza ilikuwa bado inaziondoa.

Wageni hawa hawakukosa maandalio. Walichokikosa ni swali moja: tukifika, na tukiondoka, mwenyeji atakuwaje? Ustadi wa kupanga waweza kutumika katika jambo jema na katika jambo baya, kama kisu kinavyoweza kumenya chungwa na kumjeruhi mtu. Basi haitoshi kumsifu mtu kwa kuwa amejiandaa vizuri. Hatuna budi kuuliza kwanza amejiandaa kufanya nini, na ni nani atakayebeba gharama.

Turudi sasa kwa mvuvi wetu. Kuna maandalio ambayo hayaingii sandukuni. Mtu aendaye Kiritimati asifike huko ndipo aanze kujifunza kutupa mshipi. Huweza kujifunza nyumbani, uwanjani, juu ya majani, siku nyingi kabla, akajichekesha mwenyewe bila ya kumdhuru kiumbe. Akifika hali hajui, atajifunza juu ya mwili wa samaki. Atamchosha kwa kumvuta ovyo, atamshika kwa mikono mikavu na kumwondolea ute umlindao, atamwinua juu muda mrefu ili apigwe picha. Na samaki akiachiwa akiwa amechoka, papa aliye karibu atamla kabla hajapata nguvu. Mgeni atasema, "Nimemwachia," na kweli amemwachia, lakini amemwachia mautini. Afadhali yule aliyeubana kwa koleo ule ulimi mdogo wa ndoana uzuiao kuchomoka, akajizoeza kumfungua samaki angali majini, na ambaye picha si kitu kwake. Wema wa dakika moja majini ulitengenezwa kwa miezi mitatu nyumbani.

Kadhalika yampasa ajifunze juu ya watu. Si kazi kubwa kujua kwamba watu wa Kiribati husalimiana kwa neno "Mauri", na kwamba humshukuru mtu kwa kusema "Ko rabwa". Si kazi kubwa kujua kwamba wengi wao ni watu wa kanisa, na kwamba kijijini mavazi ya ufukoni hayapendezi. Anayejifunza mambo haya kabla ya kuondoka humpunguzia mwenyeji taabu ya kumvumilia. Uvumilivu nao ni akiba, kama vidonge vya mganga, na wageni wazembe wakizidi, akiba hiyo yaweza kwisha.

Sasa tulikabili jambo gumu tuliloliacha. Je, ni haki kumvua samaki bila ya njaa, kwa mchezo tu, kisha kumwachia?

Wapo wasemao kuwa ni ukatili. Hoja yao ina nguvu. Mvuvi wa kijijini anayemuua samaki anayo sababu ambayo hata samaki, kama angekuwa na akili ya kuhukumu, angeielewa: watoto wanataka kula. Mgeni hana sababu hiyo. Amesafiri maelfu ya kilometa ili kiumbe akimbie kwa hofu na yeye afurahie mbio zake. Kumwachia baadaye hakuifuti hofu ile. Kama mtu angetukamata njiani, akatutisha kwa robo saa, kisha akatuachia kwa tabasamu, hatungemwita mwenye huruma.

Wapo wasemao kuwa ni jambo jema. Hoja yao nayo haidharauliki. Samaki huyu ni chakula cha watu wa Kiribati tangu zamani. Huko Tarawa, penye watu wengi, wataalamu waliona katika miaka ya 1990 kwamba amepungua mno, kwa sababu ya nyavu nyingi na ya barabara zilizojengwa juu ya maji baina ya visiwa, ambazo zilimzibia njia ya kwenda kutaga. Katika Kiritimati samaki aliye hai amekuwa na thamani nyingine. Aweza kuvuliwa leo na kuvuliwa tena mwaka ujao, na kila mara kiongozi, mpishi, fundi wa mashua na mwenye nyumba hupata ujira. Mwenye ng'ombe wa maziwa haoni haja ya kumchinja.

Mimi nazipima hoja hizi mbili hivi. Hoja ya pili yaonyesha faida, lakini faida haigeuzi jambo kuwa safi. Mambo mengi maovu yana faida. Hoja ya kwanza yaonyesha maumivu, lakini maumivu ya samaki mmoja aliyeachiwa akiwa hai si sawa na kwisha kwa samaki wote, na mtu anayekula samaki kila Ijumaa hana haki ya kumlaani aliyemrudisha majini. Kwa hiyo sisemi kwamba mgeni hana hatia kabisa, wala sisemi kwamba mchezo wake upigwe marufuku. Nasema kwamba ameazima. Ameazima nguvu za samaki, na maji ya watu, na siku ya kiongozi wake. Na aliyeazima hupimwa kwa hali ya kitu anapokirudisha. Kama samaki amerudi majini akiwa mzima, na maji yamebaki bila ya takataka, na kiongozi amelipwa haki yake na kuheshimiwa, deni limelipwa kwa kadiri mwanadamu awezavyo. Kama sivyo, neno "mchezo" haliwezi kuwa udhuru.

Tena kuna jambo moja ambalo mgeni asilithubutu kamwe. Asimwone mwenyeji anavuta wavu akaanza kumhubiria juu ya kuwahurumia samaki. Aliyeshiba kwa chakula kilicholetwa na meli si mwalimu wa mwenye njaa. Jambo la nyavu lina haki ya kuzungumzwa, na watu wa Kiribati wenyewe wanaweza kulizungumza na kulitungia sheria. Lakini mgeni wa siku saba husikiliza kwanza.

Na mwenyeji je? Yeye naye ana maandalio yake. Mwaka 2020, ulipozuka ugonjwa wa korona, Kiribati ilifunga mipaka yake, na haikuifungua kwa wageni mpaka mwaka 2022. Kwa muda huo wote wavuvi wa ng'ambo hawakuja. Walioishi kwa ujira wa kuwaongoza waliona wazi jinsi riziki yao ilivyoning'inia kwenye bawa la ndege. Bahari haikuondoka, wala minazi haikuondoka, na aliyekuwa hajasahau kazi za baba zake alikuwa na pa kushika. Basi deni la maandalio halimwangukii mgeni peke yake. Mwenyeji anayeacha wavu, shamba na mtumbwi wake vioze kwa kuwa wageni wanalipa vizuri amewawekea watoto wake chakula katika mkoba wa mtu mwingine.

Baada ya kusema haya yote ni lazima nionye juu ya kosa moja la mwisho, nalo ni kuamini kwamba maandalio yaweza kumaliza kila hatari. Upepo hauandaliwi. Wingu likiziba jua, samaki haonekani hata kwa miwani bora. Ndege ikiharibika Honolulu, mgeni atakaa kisiwani mpaka itakapopona. Mtu ambaye amejiandaa ili asimhitaji mtu ye yote hukasirika siku hiyo, maana ameona aibu ya kuhitaji. Lakini kuhitaji si aibu. Aibu ni kuhitaji kwa uzembe. Aliyejiandaa kwa uaminifu, kisha akapungukiwa kwa jambo lisilo katika uwezo wake, aweza kupokea dafu kutoka mkononi mwa mwenyeji bila ya kuinamisha macho, kwa sababu hakuja kulitegemea. Ukarimu wa mwenyeji huwa zawadi pale tu ambapo mgeni hakuupangia bajeti.

Nimewapeleka wasomaji mbali sana, na huenda wengi wetu hatutaiona Kiritimati. Hata hivyo habari hizi si ngeni kwetu. Katika pwani yetu wenyewe, Watamu na Malindi, wageni huja kuvua samaki wakubwa kama nduwaro na sulisuli, na siku hizi samaki wengi wa namna hiyo hutiwa alama ndogo na kuachiwa, ili wataalamu wajue safari zao baharini. Maswali tuliyoyauliza juu ya mgeni wa Pasifiki yafaa kuulizwa Lamu na Shimoni pia. Tena, kila mmoja wetu ni mgeni wa mahali fulani. Mwanafunzi aingiapo shule ya bweni hufika kisiwani. Asipoleta sabuni, ataoga kwa sabuni ya mwenzake. Asipoleta kalamu, mwenzake ataandika kwa penseli iliyokwisha. Na asipofanya zoezi lake, mwalimu atatumia kwa ajili yake dakika zilizokuwa haki ya darasa zima. Kila mmoja hukiona kitu chake kuwa ni kidogo. Lakini vidogo vya wengi hutoka katika sanduku la mmoja aliyejiandaa, na sanduku hilo, hata lingekuwa kubwa namna gani, lina mwisho.

Vivyo hivyo kijana aendapo mjini kukaa kwa mjomba wake akitafuta kazi, au mwalimu mpya apelekwapo katika wilaya ya mbali, au daktari, au karani. Hufika mahali penye watu waliokwisha gawana kidogo walicho nacho. Mzigo wake utasema habari zake kabla yeye mwenyewe hajafungua kinywa.

Jibu langu basi kwa swali tuliloanza nalo ni kwamba maandalio ni deni. Ni busara pia, lakini busara ni sehemu yake ndogo. Usiku wa kufunga sanduku, mtu aulize maswali ya kawaida juu ya jua na mvua na nauli, kwa maana hayo ni ya lazima. Kisha, kabla hajalifunga, amfikirie mtu mmoja wa huko aendako, yule aliye na kidogo kuliko wote, ambaye huenda wasionane kamwe, naye ajiulize kama kuna kitu humu sandukuni, au kitu kisichokuwamo, ambacho mtu huyo atakilipia. Akiona kipo, angali ana usiku mzima wa kukitengeneza.